Hivi kwa nini jiji likiweka sanamu lazima watu wote tuwe wakaguzi wa hesabu?

#1 Mzee wa Kona

Wakuu, salaam.

Kuna kitu kinajirudia hadi naanza kukiita kanuni ya maumbile. Jiji likichimba mtaro, kimya. Likinunua magari ya wakubwa, minong'ono kidogo halafu kimya. Likilipia ushauri elekezi wa mradi ambao hautajengwa kamwe, hakuna hata anayejua. Sasa liweke sanamu moja tu kwenye kipilefti. Kesho yake asubuhi kila dereva wa bodaboda ni mhakiki wa sanaa, na kila muuza vocha anataka kuona risiti.

Mfano wa karibuni mnaukumbuka. Agosti 2024 Eldoret ilikuwa inajiandaa kupandishwa kuwa jiji, zikasimamishwa sanamu za wanariadha. Yaani kwenye mji ambao mabingwa wa dunia wanapishana na wewe alfajiri wakiwa mazoezini, zikaletwa sanamu ambazo watu walishindwa kusema huyu ni nani. Mitandao ikafanya kazi yake. Ndani ya siku chache zikang'olewa, mwezi uleule ambao Rais alikabidhi hati ya jiji, tarehe 15. Mahema, viti na misafara ya sherehe yenyewe havikupata hata kejeli moja.

Msimamo wangu: sanamu ndiyo kasma pekee ya bajeti yenye uso. Nyingine zote ni karatasi, na karatasi haichekeki. Sanamu inakula mawe kwa niaba ya makabrasha yote ambayo hatutayaona maishani. Mnasemaje?

#2 Dada Zabibu

Uzi wa sanamu bila picha. Haya, nimeshavuta kiti.

#3 Nyundo ya Pili

Mzee unazunguka mbuyu. Jibu ni moja: upigaji.

Saruji najua mfuko unauzwaje. Nondo najua. Mchanga wa lori najua, hata wa lori lisilojaa. Uso wa shujaa unauzwaje? Hakuna duka. Ndiyo maana wapigaji wanaipenda sanaa kuliko wasanii wenyewe.

Oktoba 2017 pale Owerri, jimbo la Imo, Nigeria, gavana Rochas Okorocha alimsimamishia sanamu ndefu ya shaba Jacob Zuma. Zuma huyuhuyu wa Afrika Kusini. Ndani ya Imo! Magazeti ya kwao yakaandika naira milioni 520. Miezi minne baadaye Zuma akajiuzulu urais. Sasa niambie hapo mwananchi wa Owerri akiuliza hesabu amekosea wapi? Si suala la sanamu kuwa na uso. Ni suala la uso wa mtu asiyewahusu.

#4 Karani Mstaafu

Nyundo, #3 ina ukweli nusu. Nimekaa idara ya manunuzi ya halmashauri moja (sina haja ya kuitaja, pensheni bado naihitaji), na ninachoweza kukuambia ni kwamba mwizi mwenye akili haibi kwenye kitu kinachosimama katikati ya barabara. Anaiba kwenye kinachofukiwa. Bomba lililotakiwa kwenda chini mita moja na nusu likaenda mita moja, nani atafukua? Kifusi cha lori 60 kilichokuja lori 40 na kushindiliwa, nani atahesabu?

Na bei za ajabu hazihitaji sanaa. Kaunti ya Bungoma mwaka 2015 ilinunua matoroli 10, kila moja shilingi za Kenya 109,320. Toroli lina bei ya soko, lina duka, kila fundi anaijua. Halikusaidia kitu.

Tatizo la sanamu liko kwenye taratibu. Sanamu inanunuliwa kama kalavati. Zabuni inatangazwa, masharti yanataka kampuni iliyosajiliwa, mizania ya miaka mitatu, dhamana ya benki. Mchongaji gani ana dhamana ya benki? Anashinda mkandarasi wa barabara, kwa sababu ndiye mwenye makaratasi na ndiye aliyeweka bei ya chini. Kisha anamtafuta mchongaji wa kumpa kilichobaki baada ya wote kupata chao. Halafu tunashangaa.

#5 Bi Tausi

Hayo matoroli ya Bungoma yangewekwa kwenye kipilefti na taa chini yake, leo tungekuwa tunayaita sanaa ya kisasa na bei isingemshangaza mtu.

#6 Fundi Randa

Karani umeongea kama ulikuwepo. Mimi ndiye huyo anayetafutwa mwishoni.

Mkandarasi alinijia na picha kwenye simu. Mheshimiwa marehemu, kapigwa ubavuni, amevaa kofia, amekaa. Natakiwa nimtoe amesimama, bila kofia, anatazama mbele. Nikaomba picha nyingine, nikaambiwa "hiyo inatosha, wewe si msanii?" BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo, ilisema: sanamu, urefu mita 3, idadi 1. Hakuna popote pameandikwa afanane na nani.

Nikasuka fremu ya nondo za milimita 12, nikavika wavu, nikapiga zege nyembamba kwa mkono, nikachonga ikiwa bado mbichi. Rangi ya shaba ni ya kupuliza, msidanganyike. Uso nilijitahidi, nilikaa nao usiku. Ndugu wa marehemu wakaja watatu kukagua, kila mmoja akataka pua tofauti. Nikachukua ya katikati.

Siku ya kukabidhi akaja injinia na futi. Hakuangalia pua. Akapima kutoka unyayo hadi utosi: pungufu sentimita 15. Akakataa kusaini. Unaniambia niongeze wapi? Miguu imeshaunganishwa na msingi. Kichwa nikikigusa nimepoteza sura yote. Nikaongeza shingo.

Injinia akarudi, akapima, akasaini.

#7 Dada Zabibu

Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Fundi, na wananchi walisemaje?

#8 Fundi Randa

Walisema msanii hajui kazi.

#9 Msomi wa Jioni

Naomba kuongeza nadharia ya nne, maana hadi sasa tuna uso (#1), upigaji (#3) na taratibu (#4).

Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, Parkinson, alitoa mfano wa kubuni wa kamati ya fedha. Ajenda ya kwanza ni kinu cha nyuklia cha pauni 10,000,000. Hakuna anayekielewa, wanaona aibu kuuliza, kinapita ndani ya dakika mbili na nusu. Ajenda inayofuata ni banda la baiskeli la pauni 350. Kila mjumbe amewahi kuona banda, kila mmoja ana maoni kuhusu paa, wanabishana dakika 45. Hoja yake ni kwamba muda wa mjadala unaenda kinyume na ukubwa wa fedha.

Sanamu ndilo banda la baiskeli la majiji. Mtu hawezi kubishia kipenyo cha bomba la maji taka, lakini pua anaijua. Pua kila mtu anayo.

#10 Baba Nuru

Mkuu Msomi, hiyo si ya kubuni. Nimekuwa diwani kipindi kimoja, nikaangushwa, nashukuru Mungu.

Fungu la mitaro ya maji ya mvua, kata zote, lilisomwa na mweka hazina kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mwenyekiti: "Wanaoafiki?" Ndiyo. "Wasioafiki?" Kimya. Limepita. Tukaja kwenye sanamu ya samaki. Hapo ndipo nilipojua wenzangu wana vipaji. Mmoja alitaka samaki aruke, mwingine akasema samaki anayeruka anakimbia, atawatisha wawekezaji. Tukahamia kwenye rangi. Kisha swali la samaki aelekee wapi. Akielekea stendi, mkia unaangalia ofisi ya halmashauri, na mkurugenzi alisema wazi kuwa hilo halikubaliki. Akielekea ofisini, wafanyabiashara wa stendi wanapata mkia, na hao ndio wapiga kura. Mwisho samaki akawekwa wima, mdomo juu.

Kila mgeni anayekuja anauliza kwa nini samaki anaomba.

Ile mitaro sijui ilifikia wapi.

#11 Nyundo ya Pili

Ulikuwa ndani ya kikao na hujui mitaro ilifikia wapi. Halafu mnasema nazidisha neno upigaji.

#12 Kipanga Mweusi

Habarini. Tusiseme ni Afrika tu. Mwaka 1981 jiji la New York lilimpa kazi mchongaji Richard Serra, akaweka ukuta wa chuma uliopinda katikati ya uwanja wa ofisi, urefu mita 37 na kimo karibu mita 3.7, chuma cha kutu. Wafanyakazi wakawa wanauzunguka kila siku kwenda kazini. Wakalalamika miaka minane hadi jiji likauondoa. Wananchi wakipaza sauti, wanasikilizwa.

#13 Msomi wa Jioni

Kipanga, marekebisho mawili. Si jiji lililotoa kazi ile, ni serikali kuu ya Marekani kupitia wakala wake wa majengo, GSA. Uwanja ulikuwa wa ofisi za serikali kuu.

La pili ndilo tamu zaidi. Machi 1985 kulikuwa na kikao cha wazi cha kusikiliza maoni. Walisimama watu 180. Waliotaka kazi ile ibaki walikuwa 122, waliotaka iondoke 58. Kisha jopo likapiga kura nne kwa moja: iondoke. Serra akaenda mahakamani, akashindwa. Usiku wa tarehe 15 Machi 1989 ikakatwa vipande vitatu na kubebwa.

#14 Bi Tausi

122 dhidi ya 58, wakashinda 58. Kumbe huu ushirikishwaji wa wananchi tuliuagiza kutoka nje.

#15 Kipanga Mweusi

Serikali kuu, jiji, wote ni kodi tu. Na wale 122 wengi wao wasanii na watu wa makumbusho, wangapi kati yao walikuwa wanapita pale kila asubuhi? Anayeuzunguka ukuta ndiye aulizwe.

#16 Baba Nuru

Hapo Kipanga umegonga. Anayepita kila siku hana muda wa kuja kikaoni saa nne asubuhi. Vikao vya maoni vinajaa watu wenye nafasi.

#17 Mzee wa Kona

Narudi kwenye uzi wangu kabla haujanyang'anywa.

Mnasahau muda. Februari 1887, wasanii na waandishi wakubwa wa Ufaransa, Maupassant na Charles Garnier wakiwemo, walitia saini barua kali gazetini kuupinga mnara wa Eiffel ukiwa bado unajengwa. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, baada ya hapo ubomolewe. Leo nenda kauguse uone.

Chicago, 15 Agosti 1967, meya Richard J. Daley alizindua sanamu ya chuma iliyobuniwa na msanii Picasso, mita 15 na kitu, ambayo hakuna aliyejua ni mwanamke, mbwa au nyani. Diwani mmoja akapendekeza iondolewe, badala yake iwekwe ya Ernie Banks, mchezaji wa besiboli. Sasa watoto wanaiteleza.

Grand Rapids, hukohuko Marekani, 1969, wakaweka dude jekundu la mchongaji Calder. Watu wakanuna. Leo dude hilo liko kwenye nembo ya jiji, hadi kwenye magari ya taka. Hata zile pembe za Mombasa ni alumini, ziliwekwa enzi za mkoloni kuwalaki wakubwa wa Uingereza, na leo mtu akifika bila kupigiwa picha chini yake anaonekana hakufika.

Kwa hiyo nadharia ya tano: watu hawachukii sanamu, wanachukia ugeni.

#18 Karani Mstaafu

Mzee, unatuhesabia waliofika tu. Zile zilizochekwa, zikang'olewa na kusahauliwa, nani atazitaja miaka 50 baadaye? Kwa hesabu hiyo kila sanamu mbaya ni Eiffel ambayo haijakomaa.

Na Picasso umeficha jambo. Daley hakutumia kodi. Gharama za kuijenga, kama dola 352,000, zililipwa na taasisi tatu za hisani, na Picasso mwenyewe alikataa dola 100,000 alizopewa, akasema ni zawadi kwa watu wa Chicago. Ndiyo maana kelele zilikuwa za ladha, hazikuwa za hesabu. Hata lile harage la chuma king'aacho kama kioo, sanamu ya Anish Kapoor palepale Chicago, lilianza na makadirio ya dola milioni 6, likaishia milioni 23. Karibu mara nne! Ila ni michango binafsi, watu wakaja kujitazama sura na kuondoka zao.

Sasa linganisha na London 2021. Halmashauri ya Westminster ilijenga kilima bandia karibu na Marble Arch ili kurudisha watu mjini baada ya korona. Vyuma, mbao, nyasi za kubandika juu, kimo mita 25. Kilifunguliwa Julai na kiingilio juu. Nyasi zimesinyaa, miti imekonda, na ukifika kileleni unaona... miti ya hifadhi ya jirani. Wakaanza kurudisha fedha za tiketi, kisha kikafanywa bure. Makadirio yalikuwa pauni milioni 3.3, yakafika milioni 6. Naibu kiongozi wa halmashauri akajiuzulu, na Januari 2022 kilima kikafungwa.

Kuzidi kwa gharama kulikuwa kudogo kuliko kwa harage. Kilichomtoa mtu ofisini ni kwamba fedha ilikuwa ya umma.

#19 Dada Zabibu

Kilima ni sanaa? Kilima si kilima?

#20 Kipanga Mweusi

Kilima si sanaa. Karani kachomeka.

#21 Msomi wa Jioni

Kama ukuta wa kutu ni sanaa, kilima cha kubandika kinashindwa nini?

#22 Nyundo ya Pili

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na kanuni ya uzi huu: kiongozi amejiuzulu. Hiyo ndiyo sanaa niliyoikosa kwetu.

Na kwa wale wa "upigaji si sababu", pitieni Dakar. Sanamu ya Ufufuo wa Afrika, mita 49, kampuni ya Korea Kaskazini ndiyo iliyojenga, ikazinduliwa Aprili 2010 Senegal ikitimiza miaka 50 ya uhuru. Ikatajwa dola milioni 27, zikalipwa kwa kubadilishana na ardhi ya serikali. Halafu Rais Abdoulaye Wade akasema wazo ni lake, kwa hiyo asilimia 35 ya mapato ya watalii ni haki yake kama mbunifu. Mbunifu! Maimamu wao walikuwa wanalalamikia mapaja ya yule mwanamke wa shaba. Mimi nilikuwa naangalia asilimia.

#23 Bi Tausi

Na Msomi asije kutuambia hiyo ni ya serikali kuu, si ya jiji.

#24 Msomi wa Jioni

Ni ya serikali kuu.

#25 Chuma Chakavu

Salaam wakuu, nimechelewa, natia neno moja.

Mnajadili bei ya kuweka. Hakuna anayejadili bei ya kuitunza. Nashughulika na vyuma chakavu, naona vinavyoletwa. Sanamu ya shaba halisi ni hatari, inaanza kupungua vidole, kisha fimbo, kisha kibao cha jina. Ya zege inapasuka pale nondo inapopata kutu, kwa sababu fundi alibana zege ili mkandarasi apate faida (samahani Fundi). Ya faiba inapauka miaka michache tu, shujaa anabaki kama aliyeugua. Na bajeti ya kuosha kinyesi cha ndege haipo, kwa sababu uzinduzi una wageni rasmi na kuosha hakuna.

Sanamu ikichakaa ndipo hasira zinapokuja za kweli. Mpya inachekwa, kuukuu inatukanwa.

#26 Fundi Randa

Samahani nimeipokea. Kifuniko cha zege juu ya nondo niliomba kiwe sentimita nne, nikaletewa saruji ya sentimita mbili. Kutu haina uchawi.

#27 Kipanga Mweusi

Denver, Marekani, nao wana sanamu ya farasi wa buluu pale uwanja wa ndege, mita karibu 10, macho yanawaka mekundu usiku. Alimuua hata aliyemtengeneza. Watu wanaotua wanamwita shetani. Hela ya jiji hiyo, Msomi usinikatishe.

#28 Msomi wa Jioni

Sikukatishi, safari hii ni kweli. Luis Jiménez, mchongaji mwenyewe, aliangukiwa na kipande cha farasi huyo karakanani mwaka 2006, akafariki. Familia na wasaidizi wakamalizia, akasimamishwa 2008. Mkataba wa mwanzo wa miaka ya 1990 ulikuwa dola 300,000, ukaishia 650,000. Macho mekundu ni kumbukumbu ya baba yake, aliyekuwa na karakana ya mabango ya taa za neoni.

Fedha ilitoka kwenye kanuni ya asilimia 1: mradi mkubwa wa ujenzi wa jiji unatenga asilimia moja kwa sanaa. Philadelphia walianza na utaratibu huo mwaka 1959, ukasambaa. Faida yake ni kwamba fedha ya sanaa haishindani na dawa za zahanati kwenye kikao kimoja. Imeshakatwa ndani ya jengo.

#29 Nyundo ya Pili

Asilimia moja? Hapa tumezoea kumi, na hata sanamu hatuioni.

#30 Mzee wa Kona

Nyundo unaharibu uzi kwa ukweli.

Ila hoja ya Msomi inaniunga mkono. Fedha ikijificha ndani ya jengo, hakuna anayeuliza. Ikijitokeza na jina lake, "Sanamu", tunaipiga. Uso, nimesema tangu #1.

#31 Karani Mstaafu

Inaniunga mkono mimi. Ni utaratibu tofauti wa manunuzi, jopo la watu wa sanaa linachagua, halichagui bei ya chini.

#32 Bi Tausi

Na farasi bado anaitwa shetani. Kwa hiyo jopo limesaidia nini?

Mimi naona mnakimbia jambo dogo: kufanana. Machi 2017 walizindua kichwa cha Ronaldo uwanja wa ndege wa Madeira, dunia nzima ikacheka, mwaka uliofuata kikabadilishwa. Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere pale Umoja wa Afrika, Addis Ababa, hatukuulizana bei kwanza. Tuliuliza "huyu ni nani?" Bei ilikuja baadaye kama fimbo ya kuchapia. Mtu akifanana, watu wanapiga picha na kwenda nyumbani. Weka sura ya mtu tunayemjua umeingia mtihani ambao kila mpita njia ni msahihishaji.

Calder na lile dude jekundu hawana tatizo hilo. Dude haliwezi kukosa kufanana na dude.

#33 Kipanga Mweusi

Ndiyo maana sanamu ya Askari pale Dar haina kesi. Wajerumani walituwekea kitu cha maana, hakuna anayeuliza gharama.

#34 Msomi wa Jioni

Kipanga jamani. Wajerumani waliweka pale sanamu ya Wissmann, gavana wao, na askari mweusi akiwa chini yake anamtazama juu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Askari unayemjua ni wa Waingereza, wa mwaka 1927, kwa ajili ya waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Wissmann alipelekwa Uingereza, akaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wakamwangusha miaka ya 1960.

Na hafanani na mtu yeyote anayejulikana, ni askari tu. Hapo unamsaidia Bi Tausi bila kukusudia.

#35 Kipanga Mweusi

Mjerumani, Mwingereza, wote walikuja kwa meli.

#36 Baba Nuru

Msomi umeniwazisha. Mahali ni palepale, mtu juu ya jiwe ndiye anayebadilishwa kila utawala ukibadilika. Pengine hasira si ya bei, si ya pua. Kipilefti ni kiti, na kila mtu anajua nani kamkalisha nani. Wananchi wakiuliza "shilingi ngapi" wanauliza "kwa ruhusa ya nani". Bei ndilo swali pekee ambalo sheria inawaruhusu kuuliza.

#37 Dada Zabibu

Diwani aliyeangushwa huwa anaongea vizuri sana.

#38 Chuma Chakavu

Swali la kiufundi kwa Karani. Mkandarasi anabakiziwa ile asilimia ya malipo hadi kipindi cha matazamio (muda wa kuangalia dosari) kiishe, sivyo? Sasa sanamu iking'olewa wiki ya pili kwa sababu watu wamecheka, anaidai au haidai?

#39 Karani Mstaafu

Anaidai. Matazamio yanahesabiwa tangu makabidhiano. Dosari zinazotambulika ni ufa, kutu, kuinama, rangi kubanduka. Kuchekwa hakumo kwenye orodha ya dosari.

#40 Nyundo ya Pili

Kwa hiyo tunalipa kuiweka, tunalipa kreni ya kuing'oa, na tunamalizia deni lake ikiwa imelala.

#41 Karani Mstaafu

Na huwezi kuitupa. Ina namba ya mali ya halmashauri. Kuifuta kunahitaji kamati ya tathmini, kamati inahitaji posho. Moja ya kwetu ilikaa stoo nyuma ya jenereta, masika wahudumu wakawa wanatundika makoti ya mvua kwenye mkono wake.

#42 Fundi Randa

Mkono upi? Wa kulia niliwaambia kabisa usiwekewe uzito.